Nani anaruhusiwa kuchutama?

Meseji iliingia saa moja kasoro asubuhi kutoka namba nisiyoijua. Ilitaja majina yote matatu ya mama anayeniuzia mchele pale sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, ikasema amekopa na kukimbia, ikamwita tapeli, kisha ikaniagiza mimi, kama mtu wake wa karibu, nimwambie alipe kabla ya saa sita mchana. Ilifuatiwa na picha yake, ile ya kitambulisho cha taifa. Mimi si ndugu yake wala mdhamini wake. Namba yangu imo kwenye simu yake kwa sababu moja tu: kila mwisho wa mwezi humpigia aniwekee mchele wa Kyela usiochanganywa.

Kufika saa nne nilikuwa nimeshajua kwamba fundi anayenishonea, mjumbe wa mtaa na mwalimu wa kwaya ya kanisani kwake wote wamepata meseji ileile. Deni lenyewe, nilikuja kuelewa baadaye, halikufika laki moja na nusu.

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa na limekataa kunitoka. Katika maisha yangu nimesikia habari za mabilioni ya umma yaliyopotea, na hakuna siku hata moja niliyotumiwa picha ya mtu na kuambiwa nikamkumbushe arudishe. Ya mama muuza mchele nililetewa hadi kitandani.

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wanasiasa wetu wanaipenda sana methali hii, hasa wanapotaka mwenzao aachie madaraka bila kelele. Kwa kawaida tunaisoma kama ushauri kwa aliyevuliwa: kaa chini, jisitiri, usibishane na umati ukiwa uchi. Lakini ukiitazama vizuri, kuna watu wengine ndani yake ambao hawatajwi, nao ni waliosimama wakitazama. Methali inachukulia kwamba watamwacha achutame. Haikufikiria kwamba wangekuwepo watu wa kumshika makwapani na kumsimamisha wima ili aonekane vizuri zaidi. Ndiyo maana swali langu leo halihusu nani ana aibu. Linahusu nani, katika nchi hii na katika mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini, anaruhusiwa kuchutama.

Lugha yetu ilishatenganisha mambo ambayo sisi tunayachanganya. Kashfa imetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake huko ni kufunua, kuondoa pazia. Aibu nayo ilitoka hukohuko, na asili yake ni kasoro, dosari. Kuumbuka ni letu la Kibantu, na ndilo zito kuliko yote: kama kufunga kulivyo na kufungua, kuumba kuna kuumbua. Anayeumbuliwa anatenguliwa uumbwaji wake, anarudishwa kuwa udongo. Hayo ni matendo matatu mbalimbali: kufunua jambo, kuona kasoro, kumtengua mtu. Mtaani siku hizi neno "skendo" limeyameza yote matatu, na magazeti yanatumia lolote linalotosha kwenye kichwa cha habari. Mimi nadhani tatizo letu linaanzia hapo. Nchi inahitaji kufunua kwingi, na kumtengua mtu kuwe kwa nadra sana. Sisi tunafunua kidogo kwa wakubwa, halafu tunawaumbua wadogo kila siku.

Chukua Februari 2008. Wengi tunakumbuka tulikuwa wapi, redio ilikuwa wapi. Kamati Teule ya Bunge, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, ilisoma ripoti yake juu ya mkataba wa umeme wa dharura ambao kampuni ya Richmond ilipewa mwaka 2006, wakati ukame umekausha mabwawa na nchi iko gizani. Februari 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza bungeni kuachia ngazi, huku akilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Mawaziri wawili wakafuata, na baraza zima likavunjwa. Hapa Mbeya watu walitembea vifua mbele kwa sababu ya mtu wetu wa Kyela. Nami nilitembea hivyo, na sioni sababu ya kujutia furaha ile.

Kilichofuata ndicho kinachonifundisha. Lowassa alichutama, na nchi ikamwacha achutame. Hakuwahi kufunguliwa mashitaka. Alibaki na ubunge wake wa Monduli, akahama chama mwaka 2015 na kugombea urais akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40. Mwaka 2019 akarudi chama alikotoka, na alipofariki Februari 10, 2024 bendera zilipepea nusu mlingoti. Silalamikii heshima aliyopewa maiti. Mkataba wenyewe, hata hivyo, haukuchutama. Ulirithiwa na kampuni ya Dowans, na mwaka 2010 usuluhishi wa kimataifa ukaamuru Tanesco, shirika letu la umeme, ilipe takriban shilingi bilioni 94. Pazia lilifunuliwa, mtu akatoka nje ya chumba, tukashangilia kutoka kwake, na pazia likarudi lilipokuwa huku ankara ikiendelea kuandikwa.

Siasa yetu ina neno lake kwa hili: kuwajibika. Zamani kuwajibika kulikuwa ni kuwa na wajibu na kuutimiza. Leo tukisema waziri amewajibika, tuna maana ameondoka. Neno limegeuka likawa la kufungia faili.

Lakini nisiwe mkali kupita kiasi, kwa sababu kuna kuondoka kunakofundisha. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga wakati wa msako wa mauaji ya vikongwe. Hakuna aliyesema Mwinyi alimgusa mtu yeyote. Alibeba kwa sababu dhamana ilikuwa yake. Akapelekwa ubalozi Misri, na miaka minane baadaye akawa Rais. Naye alifariki Februari ile ile ya 2024, tarehe 29. Katika mwezi mmoja tukazika viongozi wawili ambao maisha yao yalipasuliwa katikati na barua ya kujiuzulu. Mmoja aliinama kuubeba mzigo. Mwingine aliinama huku akisema mzigo si wake. Wote wawili walipata njia ya kurudi, na hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike: kwa mtu mkubwa, fedheha huja na mlango wa kutokea.

Mama wa Mwanjelwa mlango wake uko wapi?

Mimi nimekulia upande wa Rungwe, na wazee wetu walikuwa na jina la kile ambacho jamii inamfanyia mkosaji. Kwa Kinyakyusa waliita imbepo sya bandu. Kwa Kiswahili ningesema pumzi ya watu, ingawa neno lenyewe lina baridi ndani yake. Watafiti walioishi Rungwe miaka ya 1930 waliandika habari zake kirefu. Mtu aliyemdharau baba yake, aliyemtukana mkwe, au aliyekataa kuwachinjia majirani wakati wa msiba ilhali ana ng'ombe, majirani walimguna. Walikaa usiku wakimsema kwa sauti ya chini. Na iliaminika kwamba ule mguno unamfikia kama ubaridi: mwili unatetemeka, homa inamshika, ng'ombe hawatoi maziwa, mke hashiki mimba.

Msomaji wa leo anaweza kuicheka homa ile. Asiicheke haraka. Anayejua kuwa mtaa mzima unamsema halali usingizi, chakula hakipiti, na mwili unaugua kweli. Sihitaji mganga kuniambia hilo. Kilichonivutia zaidi tangu nilipoanza kuwauliza wazee ni sehemu ya pili ya utaratibu ule. Mtu alipougua, alitafuta kujua ni nani wanaomguna na kwa lipi. Akatoa ng'ombe au pombe. Walewale waliomguna wakaja, wakasema mbele yake yaliyokuwa moyoni mwao, wakala naye. Ulaji wao ulikuwa ndiyo hukumu yao ya mwisho. Baada ya hapo aliyerudia kulitaja kosa lile alikuwa yeye sasa ndiye mkosaji.

Nimesema utaratibu huu umenivutia, na lazima niseme pia ulikuwa na sumu. Pumzi ileile ingeweza kumwelekea mtu kwa sababu tu mahindi yake yamestawi kuliko ya wenzake. Tuhuma za uchawi zimewahamisha watu vijiji katika milima hii, wengi wao wajane na wazee, na hao hawakupewa ng'ombe wa kutolea. Kwa hiyo siombi turudi huko. Ninachochukua ni kitu kimoja: aliyekuwa na uwezo wa kukutia baridi alikuwa mtu unayemjua, anayeishi umbali wa kusikia jogoo wako, na alikuwa na wajibu wa kuja kuiondoa baridi hiyo. Fedheha ilikuwa na mwenyewe. Meseji ya saa moja kasoro asubuhi haina mwenyewe. Aliyeiandika hajui Mwanjelwa iko wapi, na hata mama yule akichinja ng'ombe, hakuna wa kuja kula.

Makanisa yalipofika kwetu, Wamoravian na Walutheri wote tangu 1891, yalikuta jambo hili yakalipa sura nyingine. Tumelelewa tukijua maana ya kutengwa na maana ya kurudi kundini. Nimewaona wasichana wakisimama mbele ya usharika na mtoto mgongoni, wakikiri, wakipokelewa. Mlango upo, na siudharau. Nimeona mama mzima akilia kwa furaha siku ya kurudi kwake. Ninachouliza ni kwa nini katika Jumapili zote hizo sijawahi kumwona mwanamume aliyempa mimba amesimama pale pembeni yake. Mwili wake haukumshitaki, basi naye hakuitwa.

Serikali nayo ilikuwa na namna yake ya kuwasimamisha. Kwa miaka mingi wasichana walipimwa mimba shuleni, wakipangwa foleni, na aliyekutwa nayo alifukuzwa kwa kanuni zilizoiweka mimba kwenye kundi la makosa ya maadili. Juni 2017 tuliambiwa hadharani, kutoka juu kabisa, kwamba aliyezaa hatarudi darasani. Novemba 24, 2021 mlango ukafunguliwa: wizara ya elimu ikatangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaweza kurudi katika mfumo rasmi. Miaka minne na ushee. Kwa kigogo miaka minne ni muda wa kupumzika kidogo kabla ya uteuzi mwingine. Binti wa kidato cha pili wa Ileje au Makete katika muda huo ameshapelekwa mjini kuwa dada wa kazi, ameshazaa wa pili, na aliyekuwa akikaa naye dawati moja sasa ni muuguzi.

Nimesema kwamba kufunua ni kitu kimoja na kuumbua ni kingine. Mkoa wa Mbeya umetupa mifano miwili inayolieleza jambo hili kuliko ninavyoweza mimi.

Mwishoni mwa Septemba 2016, katika sekondari moja ya kutwa hapa mjini, walimu wa mazoezi walimzunguka mwanafunzi wa kidato cha tatu ofisini na kumpiga kwa ngumi, mateke na viboko. Mtu alirekodi. Wiki iliyofuata video ilikuwa nchi nzima, waziri akaagiza hatua, na walimu wale wakaondolewa vyuoni. Kijana alionekana na kila mtu akiwa amejikunja chini, lakini sikusikia mtu akisema kijana ameumbuka. Aibu ilienda moja kwa moja kwa waliosimama.

Oktoba 2019, wilayani Chunya, wanafunzi wa sekondari walikutwa na simu, mabweni yakachomwa moto, na mkuu wa mkoa wa wakati huo akaenda shuleni akawacharaza viboko wanafunzi 14 mbele ya walimu, wenzao na waandishi. Hii nayo tuliiona kwenye simu zetu. Siku chache baadaye Rais wa wakati ule alimsifu hadharani, akasema viboko vile vilikuwa vichache.

Fimbo ni ileile, kamera ni ileile, mkoa ni uleule. Tofauti ni jinsi kamera ilivyoingia. Ofisini mwa walimu ilipenya kwa kificho, mwenye nguvu hakuitaka. Chunya ilikaribishwa na kupewa nafasi nzuri ya kuchukulia picha. Tangu hapo nimekuwa na kipimo changu kidogo: kila ninapoona picha ya mtu anayedhalilika, najiuliza nani aliialika kamera. Kamera ambayo mwenye nguvu hakuialika inaweza kufunua. Aliyoialika yeye imekuja kumsaidia kuchapa.

Na anayeibeba ile isiyoalikwa hulipa. Septemba 2, 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari wa Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa katikati ya askari polisi, akiwa kazini. Tunajua kwa hakika jinsi ilivyokuwa kwa sababu mwandishi mwingine alikuwa na kamera nyingine. Ile picha yake akiwa amezungukwa ilikuwa kashfa kwa maana ya asili kabisa ya neno, pazia limeondolewa. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia. Waliokuwa wamemzunguka walikuwa zaidi ya mmoja. Picha ipo, kila mtu anaweza kuhesabu.

Kuna aibu nyingine kwetu ambayo haina kosa ndani yake, na nitaigusa tu. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 Njombe ilikuwa na kiwango cha maambukizi ya VVU cha asilimia 12.7 kwa watu wazima, cha juu kuliko mkoa wowote nchini, na Iringa ikafuata. Anayetoka Makete akijitambulisha ugenini bado hukutana na lile tabasamu la pembeni. Dawa zipo, watu wanaishi na kulea wajukuu wao, lakini wapo wanaopanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya ya pili ili wasionwe kwenye foleni ya nyumbani. Nauli ile ni kodi wanayoilipa kwa macho yetu.

Kalenga, nje kidogo ya Iringa, limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nilipelekwa pale na shule nikiwa mdogo, na kwa miaka mingi nilibaki na tafsiri ya kitoto: kwamba mfalme alijipiga risasi Julai 1898 kwa sababu aliona aibu ya kushindwa. Watu wamewajengea Wahehe utani mzima juu ya hilo, kwamba wakiudhiwa hukimbilia kamba. Utani huo siupendi. Umefanya kifo kionekane tabia ya kabila, na kuna familia zinazika vijana huku majirani wakirudia mchapo.

Kushindwa hakukuwa siri ya kuonea aibu. Ngome ya Kalenga ilishaanguka mwaka 1894, na Mkwawa alipigana porini karibu miaka minne baada ya hapo. Alichokataa, kwa jinsi ninavyoielewa mimi leo, ni kushikwa akiwa hai na kuonyeshwa. Wajerumani wakamwonyesha hata hivyo: wakachukua kichwa. Jambo hilo likageuka. Mkataba wa Versailles wa 1919, waraka wa kumaliza vita ya dunia, ukawa na kifungu kinachoiamuru Ujerumani irudishe fuvu la mtu mmoja wa Uhehe. Lilirudi mwaka 1954. Leo ukisimama mbele ya kabati lile la kioo hakuna anayemwonea aibu aliyelala ndani yake; anayeulizwa maswali ni aliyelibeba kwenda Bremen. Fedheha ilianza safari kumwelekea mtu mmoja, ikachukua miaka 56, ikatua kwa mwingine.

Kuhama huko wakati mwingine hutokea haraka. Agosti 2024 ilisambaa video ya binti aliyebakwa na kundi la wanaume, na katikati ya ukatili ule wakamlazimisha aombe radhi. Walirekodi kwa makusudi ya kumuumbua. Hiyo ilikuwa kamera iliyoalikwa. Nchi ilitazama kisha ikakataa kuwa watazamaji waliokusudiwa. Ofisa mmoja mkubwa wa polisi alipojaribu kuirudisha aibu kwa binti, kwa kusema alikuwa kama anajiuza, jeshi lenyewe lilimwondoa kwenye nafasi yake na kuomba radhi. Washitakiwa wanne walihukumiwa kifungo cha maisha kabla ya Oktoba. Ninaukumbuka mwezi ule kwa uchungu na pia kwa tumaini, kwa sababu ulionyesha kwamba umati una uwezo wa kuchagua upande wa kuangalia. Umati hauko kama mvua. Ni watu, na kila mmoja ana kidole chake kwenye simu yake.

Hapo narudi Mwanjelwa, kwa sababu biashara iliyomkuta yule mama inategemea vidole vyetu hivyo.

Mikopo hii ya kwenye simu inafanya kazi kirahisi. Unapakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako, na mtu mwenye shida ya ada Jumatatu asubuhi hubonyeza kubali. Anapewa kidogo kuliko alichoomba kwa sababu riba imekatwa juu kwa juu, na anatakiwa kurudisha chote ndani ya siku chache. Hakuna kiwanja cha kuweka rehani, wala ng'ombe, wala kadi ya pikipiki. Rehani ni majina ya watu wanaomheshimu. Anachokopea ni uso wake. Wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita kausha damu angalau wanakuja mlangoni, wanabeba godoro na jiko la gesi mchana kweupe, na jirani anaweza kutoka akawaambia subirini. Hawa wa simu wanabeba uso, na hakuna jirani wa kusimama mlangoni kwa sababu majirani ndio mlango wenyewe.

Sheria zipo. Huduma ndogo za fedha zina sheria yake ya mwaka 2018 inayotaka mkopeshaji awe na leseni. Taarifa binafsi zina sheria yake ya mwaka 2022. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali na kuwaonya wananchi wasizitumie. Ilikuwa hatua njema. Lakini programu hubadilisha jina kama nyoka anavyovua gamba, na aliyetumiwa meseji hajui afungue malalamiko wapi kwa niaba ya mtu ambaye si ndugu yake. Kama ningekuwa na nguvu ya kuomba jambo moja, ningeomba hivi: kutuma deni la mtu kwa watu wa tatu kuwe kosa linalofuta deni lenyewe. Akishauchukua uso, rehani ameichukua. Asidai tena na fedha.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa watu wakope wanachoweza kulipa, na kwamba bila aibu hakuna atakayelipa. La kwanza ni kweli, na yule mama mwenyewe hakubishana nalo. La pili nalikataa. Aibu inalipisha pale mtu anapokuwa na kitu cha kulinda. Ukishammaliza mbele ya wateja wake wote, ukamwita tapeli kwa mwalimu wa kwaya, umemwondolea sababu ya mwisho ya kulipa, na pia umemwondolea wateja ambao wangemwezesha kulipa. Vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa vinalijua hili bila kusoma popote. Mwanachama akichelewa, katibu anakwenda nyumbani kwake jioni, peke yake, anakaa, anauliza kuna nini. Kikao kinakuja baadaye sana, na kikishaisha wanakunywa chai.

Nilikaa siku nne bila kwenda sokoni. Nilijiambia nina kazi. Ukweli ni kwamba sikujua niuweke wapi uso wangu mbele yake, maana na mimi nilikuwa nimemwona uchi bila yeye kutaka, na ile picha ya kitambulisho ilikuwa bado imo kwenye simu yangu. Nikaifuta nikiwa ndani ya bajaji, tumefika Kabwe.

Alikuwa mahali pake palepale, kati ya magunia mawili, kitenge kimefungwa kichwani chini zaidi ya siku zote. Tukaulizana habari za nyumbani. Akanipimia kilo kumi, mizani ikatulia, hakuniangalia.

"Kaka, na wewe ulipata ile meseji?"

"Nilipata."

Alishika mfuko kama anayetaka kuufunga, akasita. Kisha akaingiza mkono kwenye gunia, akachota konzi moja, akaongeza juu, kama anavyofanya siku zote.